Uandaaji wa faharasa na uandishi wa ikisiri: tujifunze kwa mifano ya huku kwetu Ziwani

Mkutubi wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kutoka Mwanza. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa faraghani maswali yanayofanana kuhusu kazi ya kutengeneza faharasa za vitabu na kuandika ikisiri za ripoti, nikaona heri niyajibu mahali pamoja ili anayeanza asome kwa mtiririko na mwenye uzoefu anisahihishe. Sitafuata mpangilio wa kitabu cha kiada. Nitakaa zaidi pale wanafunzi wanapokwama, na yale ambayo mtu huyaelewa akisoma mara moja nitayapita haraka.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilitunza chumba cha nyaraka cha mradi mmoja wa uvuvi hapa mjini: kabati tatu za ripoti, sanduku la kadi, meza moja, na dirisha ambalo kila mchana lilituletea harufu ya dagaa. Siku moja akaja binti mmoja mwanafunzi akitafuta chochote kuhusu vichanja vya kuanikia dagaa. Nikafungua sanduku kwenye herufi V, hakuna. Nikajaribu K, kwenye "kichanja", hakuna. Nikamwambia hatuna, akashukuru, akaenda zake. Wiki mbili baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na ripoti ya kurasa zaidi ya 40 iliyoeleza kwa urefu namna dagaa wanaoanikwa kwenye nyavu zilizotandazwa juu ya fremu za miti wanavyokauka bila mchanga, tofauti na wale wanaomwagwa chini ufukweni. Mwandishi hakutumia neno "kichanja" hata mara moja. Yeye aliita "majukwaa ya kukaushia". Kadi ilikuwepo, kwenye herufi M, kwa mwandiko wangu.

Mwandishi hakukosea, kwani alikuwa huru kuviita vichanja vyake atakavyo. Aliyekosea ni mimi niliyenakili neno lake bila kujiuliza mtu ambaye hajaisoma ripoti ile angekuja na neno gani mdomoni. Tangu siku hiyo, kijana anayekuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo humwambia jambo hilo kabla ya mengine yote: faharasa hutengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajasoma. Yaliyomo, yaani orodha ya sura iliyo mwanzoni mwa kitabu, humwonyesha msomaji jinsi mwandishi alivyopanga hoja yake, lakini faharasa humpokea mtu mwenye swali lake, kwa maneno yake, ikampeleka kwenye ukurasa unaohusika. Ndiyo maana programu ya kompyuta inayoorodhesha kila neno na kurasa lilipotokea haijatengeneza faharasa. Imetengeneza itifaki, kama zile Itifaki za Biblia ambazo wahubiri wetu hutafutia mistari, na itifaki humfaa mtu anayelikumbuka neno lenyewe.

Kuhusu istilahi, tukubaliane mapema ili tusigombane mbele. Faharasa ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa neno fihrist ambalo Ibn al-Nadim wa Baghdad aliipa orodha yake kubwa ya vitabu mwaka 987. Baadhi ya vitabu vya shule huita faharasa ile orodha ya maneno magumu na maana zake; hiyo katika uzi huu nitaiita sherehe. Watu wa takwimu nao wana fahirisi yao ya bei, ambayo haituhusu. Neno litakalowekwa kwenye faharasa nitaliita kidahizo, kama wafanyavyo watunga kamusi. Na kwa maelezo mafupi ya maudhui ya ripoti au makala nitatumia ikisiri, kwa sababu ukisema "muhtasari" maofisini watu wengi hufikiria kwanza muhtasari wa kikao, ambao ni kitu kingine.

Mkutubi wa Mwaloni

Naendelea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5963, cha mwaka 1985, kinaigawa kazi hii katika hatua tatu: kuuchunguza waraka ili kujua unahusu nini, kuchagua dhana kuu zinazostahili kuwakilishwa, kisha kuzieleza dhana hizo kwa istilahi za mfumo unaotumika. Wanaoanza hurukia hatua ya tatu. Wanaona kichwa cha ripoti, wanachomoa maneno matatu, kadi imekwisha. Lakini kichwa mara nyingi ni kama jina la mtumbwi: ule ulioandikwa "Mungu Mkubwa" ubavuni haukuambii kama umebeba dagaa au mkaa. Soma utangulizi, vichwa vidogo, majedwali, maelezo yaliyo chini ya picha, na hitimisho. Hitimisho hasa, kwa sababu huko ndiko mwandishi hukiri alichokipata badala ya alichokusudia kukitafuta.

Jambo gumu kuliko yote katika hatua hii ni kutofautisha kitu kilichotajwa na kitu kinachohusika. Chukua kitabu cha historia ya usafiri wa Ziwa Victoria. Ukurasa wa 12 unasema wafanyabiashara fulani walitoka Bukoba na mikungu yao ya ndizi. Ukurasa wa 80 hadi wa 86 unaeleza kuzama kwa meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Anayefanya kazi kwa pupa ataandika "Bukoba, 12, 80–86" na kuridhika. Amekosea mara mbili. Kwanza, amechanganya mji na meli, ilhali mtu anayetafuta habari za ajali ile, pengine kwa sababu alimpoteza ndugu, hapaswi kupelekwa kwenye mikungu ya ndizi. Vidahizo vinapaswa kuwa viwili: "Bukoba (mji)" na "Bukoba, MV (meli)". Pili, huenda ukurasa wa 12 haukustahili kuingia kabisa. Mimi hujiuliza hivi: msomaji akifungua ukurasa huu kwa sababu ya kidahizo hiki, ataondoka na kitu chochote mkononi? Kama jibu ni hapana, ukurasa huo uache.

Hapo tunafika kwenye mizani mbili ambazo kila mwenye kazi hii hucheza nazo. Ya kwanza ni wingi wa dhana unazoziingiza kutoka katika waraka mmoja. Ya pili ni umahususi, yaani unaweka neno lililo sawasawa na jambo lenyewe au unaweka neno pana zaidi. Juu ya umahususi, Charles Cutter wa Marekani alikwisha kutoa kanuni mwaka 1876, katika sheria zake za katalogi: kitabu kinachohusu paka kiwekwe kwenye paka, kisiwekwe kwenye wanyama. Kwa huku kwetu, ripoti inayohusu sangara iwekwe kwenye sangara. Ukiiweka kwenye "samaki", umeitupa ziwani, kwa sababu katika maktaba ya uvuvi kila kitu ni samaki.

Ukizidisha wingi wa dhana, utafutaji wako unakuwa kama kokoro, ambalo hukokota kila kitu hadi ufukweni: samaki wakubwa, vifaranga, majani na kandambili zilizokatika. Hakuna kilichokosekana, ila utatumia siku nzima kuchambua. Ukibana sana, unakuwa kama mvuvi wa ndoano: unachopata ni kile hasa ulichokitaka, lakini wengi umewaacha majini. Majaribio yaliyofanywa Cranfield, Uingereza, chini ya Cyril Cleverdon kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo yaliyoyafanya mambo haya mawili yapimwe kwa namba: ni sehemu gani ya nyaraka zinazofaa iliyonaswa, na ni sehemu gani ya zilizonaswa iliyofaa kweli. Kwa kawaida ukipandisha kimoja, kingine hushuka. Mtafiti anayeandika tasnifu hulivumilia kokoro. Ofisa anayetaka jibu kabla ya kikao cha saa nne asubuhi hana muda huo.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Shikamoo mwalimu, na asante kwa uzi huu. Nina maswali mawili. La kwanza: tunachofundishwa darasani kimetoka kwenye vitabu vya Kiingereza, na ninapojaribu kukitumia kwa waraka wa Kiswahili naona vidahizo vinatawanyika alfabeti nzima. La pili: kwa nini tujisumbue, ikiwa siku hizi faili huwekwa kwenye kompyuta na mtu akaandika neno akatafuta?

Mkutubi wa Mwaloni

Marahaba. Maswali yako mawili kwa kweli ni moja, nami nitayajibu pamoja.

Katika Kiingereza, neno hubadilika zaidi mkiani. Ukilikata mkia ukaacha shina, maneno ya ukoo mmoja hubaki yamekaa pamoja, na kompyuta ikiambiwa itafute shina hilo na chochote kinachofuata, inayaleta yote. Neno letu hubadilika kichwani, na alfabeti husoma kichwa. Mvuvi yuko M, wavuvi wako W, uvuvi uko U, kuvua kuko K. Watu wanne wa nyumba moja wamepangishwa mitaa minne. Na kompyuta inayotafuta herufi kama zilivyoandikwa, ukiiambia "mvuvi", haitakuletea ukurasa uliojaa "wavuvi" mwanzo hadi mwisho.

Ukisema basi tutafute shina "vua" popote lilipo, utapata aliyevua samaki pamoja na aliyevua viatu, na "vua" iliyomo ndani ya "mvua". Kisha kuna maneno ambayo wingi wake ni mtego. Ziwa likiwa moja halina utata, lakini yakiwa mengi ni maziwa, na ukitafuta maziwa utachanganya Maziwa Makuu na maziwa ya ng'ombe wa Usukumani. Mto wa maji na mto wa kulalia ni hivyohivyo. Dawa yake ni ya zamani na rahisi: weka maelezo mafupi kwenye mabano, yaani "maziwa (kinywaji)", "mto (maji)". Mashine haiwezi kuamua hilo mpaka ijue sentensi inazungumzia nini, na mtu huliamua kwa kutupa jicho mara moja.

Sisemi kwamba kompyuta haina kazi. Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM alionyesha mwaka 1958 jinsi mashine inavyoweza kuhesabu maneno yanayojirudia, ikaacha yale yaliyo ya kawaida mno, kisha ikachagua sentensi zenye maneno mazito na kuziunganisha ziwe ikisiri. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones akaongeza wazo ambalo mitambo ya kutafutia bado inalitegemea: neno linalopatikana katika nyaraka chache lina uzito zaidi wa kutofautisha kuliko linalopatikana katika zote. Wazo hilo mkutubi yeyote wa Ziwani analijua bila hesabu. Katika kabati zangu neno "ziwa" halikumsaidia mtu, kwa kuwa kila ripoti ilikuwa nalo; neno "kichanja" lingetosha peke yake, lau lingekuwepo. Na hapo ndipo hesabu inapoishia, kwa maana neno ambalo mwandishi hakuliandika haliwezi kuhesabiwa. Lazima awepo mtu wa kuliweka.

Sasa kanuni ninazozifuata kwa Kiswahili. Vitenzi huvigeuza kuwa nomino: "kuvua" huwa "uvuvi", "kuanika" huwa "uanikaji". Nomino huziweka katika umoja, na wingi wake, ukiangukia herufi ya mbali, huupa rejeo: "wavuvi, tazama mvuvi". Kidahizo kikiwa na ukurasa mmoja au miwili tu, sihangaiki na "tazama". Huandika namba zilezile sehemu zote mbili, kwa maana ni ukatili kumrusha msomaji kutoka W hadi M kwa ajili ya ukurasa mmoja. Majina ya mahali yanayoanza na neno la aina huyageuza, la sivyo visiwa vyote vitajaa kwenye K: "Ukara (kisiwa)", "Rubondo (kisiwa)", "Kagera (mto)", "Kagera (mkoa)". Jina la Mara linahitaji uangalifu wa pekee, kwani kuna mkoa, kuna mto, na kuna "mara" ya kila siku ambayo kompyuta itakuletea mara elfu.

Mhariri wa Nyakato

Nakubaliana na mengi, isipokuwa suala la umoja. Viwango vya kimataifa vinapendelea wingi kwa vitu vinavyohesabika, na kwa sababu ya msingi: kitabu kinachohusu wavuvi hakimhusu mvuvi mmoja. Zaidi ya hapo, hebu niambie, ni nani hapa Kirumba aliyewahi kwenda kutafuta "wavu"? Watu wote husema nyavu. Ukiweka W, umerudia kosa lako la vichanja kwa mlango wa nyuma.

Mkutubi wa Mwaloni

Mhariri, kwenye "nyavu" umenishinda na sitabisha. Sababu yangu ya kuchagua umoja ni kwamba kamusi zetu huorodhesha nomino kwa umoja, na msomaji amekwisha kuzoea kutafuta hivyo. Lakini pale ambapo wingi ndio jina lenyewe la kitu vinywani mwa watu, wingi ndio ukae na umoja upewe "tazama". Kwa "mvuvi" nabaki nilipo. Tunachokubaliana wote wawili, nadhani, ni kwamba uamuzi wowote uandikwe kwenye daftari la maamuzi siku hiyohiyo. Nimewahi kukagua faharasa ambayo mtengenezaji alianza kwa umoja na kufika herufi ya N akiwa amehamia wingi, bila yeye mwenyewe kujua.

Mzee wa Kamanga

Mimi ni mstaafu. Nimebaki na majalada ya mihutasari ya vikao vya chama chetu cha msingi cha ushirika wa pamba, ya miaka ya 1970, nami napenda wajukuu waweze kuyatumia. Shida yangu ni majina. Mtu mmoja ameandikwa kwa namna tatu, na mahali pengine jina limebadilika kabisa.

Mkutubi wa Mwaloni

Shikamoo mzee. Hiyo ni hazina, na ninaomba isiliwe na mchwa kabla hatujaifikia.

Majina yetu hayakubali moja kwa moja kanuni ya jina la ukoo kutangulia. Julius Kambarage Nyerere hana tatizo, kila mtu atamtafuta kwenye N. Lakini mshairi Shaaban Robert utamkuta mahali pengine kwenye R na mahali pengine kwenye S, ingawa Waswahili wote humtaja kwa majina yote mawili kama jina moja. Mimi humweka kwenye S na kuacha rejeo kwenye R. Kwa wanachama wa chama chenu, mzee, nakushauri uchague umbo moja kwa kila mtu, lile ambalo kijiji kilimjua nalo, kisha maumbo mengine yote yaelekezwe huko. Kama wawili wamefanana jina, ongeza kijiji au wadhifa kwenye mabano: mweka hazina, mpima pamba, na kadhalika. Usisahihishe tahajia ndani ya jalada lenyewe. Jalada libaki kama lilivyo, na usawazishaji ufanyike kwenye faharasa.

Vitu navyo hubadilika majina, na kanuni ni hiyohiyo. Nyaraka za miaka michache iliyopita zinasema Daraja la Kigongo–Busisi. Lilizinduliwa mwaka 2025, na sasa linafahamika kama Daraja la John Pombe Magufuli. Faharasa ya leo inahitaji majina yote mawili, moja likiwa na namba za kurasa na jingine likiwa na "tazama". Na pale ambapo palikuwa na kivuko kabla ya daraja, weka "tazama pia", kwa kuwa kivuko na daraja ni vitu viwili vyenye uhusiano, wala si majina mawili ya kitu kimoja. Wengi huchanganya "tazama" na "tazama pia". Ya kwanza humwambia msomaji kuwa hapa hapana kitu, aende kule. Ya pili humwambia kuwa hapa pana kitu, na kule kipo kingine cha jirani.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Mwalimu, na kwa ripoti zinazotoka Kenya na Uganda? Nimesoma moja ya Kisumu, kila mahali ni "omena", ikanichukua kurasa kadhaa kugundua kuwa ni dagaa wetu.

Mkutubi wa Mwaloni

Ndiye huyohuyo. Dagaa wa kwetu, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda: samaki mmoja, Rastrineobola argentea. Sangara wetu ni mbuta kwa Wajaluo na mputa Uganda, Lates niloticus. Kwa ajili hiyo mashirika yanayohudumia nchi nyingi hutunza msamiati uliodhibitiwa, ambamo kila dhana hupewa istilahi moja iliyokubaliwa, visawe vyake huelekezwa kwake, na huonyeshwa ipi ni dhana pana zaidi, ipi finyu zaidi, na zipi ni jirani tu. FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wanao msamiati wa kilimo na uvuvi uitwao AGROVOC; madaktari wanao MeSH, uliotolewa mwaka 1960 na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, na ndio unaotumika hadi leo kuorodhesha makala za tiba. Usidhani jina la kisayansi ni nanga isiyong'oka, maana nalo hubadilishwa: magugu maji yaliandikwa Eichhornia crassipes kwa miaka mingi, na sasa wataalamu wengi huandika Pontederia crassipes. Rejeo ni lazima hata huko.

Sasa niende kwenye ikisiri, kwa sababu naona saa inakimbia na hapa pana makosa mengi kuliko kwenye faharasa.

Ikisiri ziko za aina mbili kubwa. Ikisiri elekezi hukuambia waraka una nini ndani yake. Ikisiri arifu hukupa chenyewe. Tuseme kwa mazoezi mwanafunzi ameandika makala ya kurasa 20 kuhusu gugumaji. Hii ndiyo ikisiri ambayo ningeletewa mezani siku tisa kati ya kumi:

"Makala hii inajadili tatizo la gugumaji katika Ziwa Victoria. Historia ya tatizo, athari zake na mbinu mbalimbali za udhibiti zimeelezwa kwa kina. Mwishoni mapendekezo yametolewa."

Hakuna uongo humo, ila hakuna pia habari. Maneno hayohayo yangeweza kuwekwa juu ya makala kuhusu rushwa, kichaa cha mbwa au bei ya saruji kwa kubadilisha jina tu. "Mapendekezo yametolewa" ni kama mwenyeji kukuambia chakula kimepikwa, kisha akafunga mlango wa jikoni. Sasa soma hii:

"Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa njia kuu ya kuendelea kuliingiza. Liliziba mialo, likakwamisha mitumbwi na kuvuruga mitambo ya kuvutia maji. Liliondolewa kwa mikono na kwa mashine, na katika miaka ya 1990 wakaachiliwa fukusi wa jenasi Neochetina wanaolila. Kufikia mwisho wa muongo huo lilikuwa limepungua sana. Makala inahoji kwamba fukusi pekee hawatoshi kueleza upungufu huo, kwa kuwa hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo ilichangia, na kwamba kurudi kwa gugumaji katika baadhi ya ghuba kunadai udhibiti wa virutubisho vinavyoingia ziwani."

Hapo msomaji amepata lengo, njia, matokeo na msimamo wa mwandishi, na anaweza kuamua kama ana haja na zile kurasa 20. Angalieni pia vitu ambavyo havimo. Sikurudia kichwa cha makala katika sentensi ya kwanza. Sikuandika "mwandishi anasema" kila mara. Nimelitumia neno "inahoji" mahali pamoja tu, pale ambapo jambo lina ubishi na lazima ijulikane ni hoja ya nani. Sikuongeza maoni yangu, ingawa ninayo. Mwandishi wa ikisiri anayeweka ndani yake jambo lisilokuwemo katika waraka, hata kama ni la kweli, amemdanganya msomaji kuhusu waraka huo.

Kuhusu urefu, ISO 214 ya mwaka 1976 inashauri maneno yasiyozidi 250 kwa makala ya kawaida, yasiyozidi 100 kwa taarifa fupi, na yasiyozidi 500 kwa tasnifu au ripoti ndefu. Kwa nyakati, tumia "-li-" kwa yaliyofanyika na "-na-" kwa yale ambayo mwandishi anayashikilia hadi sasa. Na ninyi mnaoandika tasnifu kwa Kiswahili na kutakiwa kutoa ikisiri ya Kiingereza pia, iandikeni upya kutoka kwenye tasnifu. Ikisiri iliyotafsiriwa sentensi kwa sentensi huonekana kutoka mbali, kama shati lililofungwa vifungo vikapishana.

Ushauri wa mwisho juu ya utaratibu: ikisiri iandike kabla ya kuchagua vidahizo. Ukishaweza kuueleza waraka kwa sentensi tano, nomino zilizobeba sentensi hizo ndizo zinazodai kuingia, na zile ambazo hazikupata nafasi huenda zilikuwa zimetajwa tu.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Nimejaribu na ile ikisiri yako ya pili. Vidahizo nilivyopata: gugumaji; gugumaji, udhibiti wa; fukusi (Neochetina); Kagera (mto); mwalo; El Niño (1997–1998); virutubisho. Nimeacha "mtumbwi" kwa sababu umetajwa tu. "Amerika Kusini" nayo nimeiacha. Ila nilipokuwa naandika nimegundua jambo, nawe uniwie radhi: kwenye jibu la majina ya kisayansi umeandika "magugu maji", maneno mawili na kwa wingi, na kwenye ikisiri ukaandika "gugumaji". Kama ningetafuta uzi huu kwa neno moja, ningekosa jibu mojawapo.

Mkutubi wa Mwaloni

Umenikamata, na sitahariri, libaki hapo lionekane. Orodha yako ni nzuri. Ningeongeza tu "El Niño" chini ya "hali ya hewa" kwa rejeo, maana si kila mtu atakuja na jina hilo. Na kwenye G na M za daftari letu andika hivi:

gugumaji
magugu maji, tazama gugumaji